Uzi: Ni nani hasa aliyeleta mgogoro wa wakazi wa muda Kanada, na kwa nini bili analetewa mwenye kibali?

#1 Mkazi wa Hamilton
Wakuu, salaam. Nilikuja Ontario kusoma, nikamaliza, na sasa nafanya kazi kwa kibali cha baada ya masomo ambacho muda wake unakaribia kwisha. Kila taarifa ya habari ninayoisikiliza inarudia mashtaka yaleyale: kodi za nyumba zimepanda kwa sababu ya wakazi wa muda, vijana wa Kanada wamekosa kazi kwa sababu ya wakazi wa muda, foleni za hospitali ni ndefu kwa sababu ya wakazi wa muda. Mwezi Machi 2024 Marc Miller, aliyekuwa waziri wa uhamiaji, alitangaza kwamba kundi hili, yaani wanafunzi wa kigeni, wafanyakazi wenye vibali na waombaji hifadhi, litapunguzwa hadi asilimia 5 ya watu wote ndani ya miaka mitatu. Mwaka huohuo idadi yetu ilifika takriban milioni 3 katika nchi yenye watu milioni 41, ikiwa ni zaidi ya asilimia 7.

Hoja yangu ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejiingiza. Kila aliyepo hapa alipewa karatasi na serikali ileile ambayo Oktoba 2024, kupitia waziri mkuu Trudeau mwenyewe, iliwaambia wananchi kwamba haikuweka uwiano sawasawa. Basi nauliza: ni nani aliyeleta hali hii, na kwa nini gharama ya kuirekebisha inabebwa na mtu ambaye hakupiga kura wala hakutunga sera? Naomba majibu yenye ushahidi, kwa kuwa hasira nimezisikia za kutosha.

#2 Hesabu Kwanza
Swali ni zuri, lakini tutenganishe lawama na hesabu. Mwaka 2023 idadi ya watu Kanada iliongezeka kwa takriban milioni 1.27, sawa na asilimia 3.2, kasi ambayo haikuwa imeonekana tangu 1957. Karibu asilimia 98 ya ongezeko hilo ilitokana na uhamiaji, na sehemu kubwa yake ilikuwa wakazi wa muda. Wakati huohuo shirika la taifa la nyumba, CMHC, lilikuwa limekwisha kuonya kwamba ili bei zirudi katika kiwango ambacho mtu wa kawaida anakimudu, nchi inahitaji nyumba milioni 3.5 zaidi ya zile ambazo zingejengwa kwa mwendo wa kawaida kufikia 2030. Desemba 2023 naibu gavana wa Benki ya Kanada, Toni Gravelle, alilieleza jambo hili bila jazba: wageni wanaongeza nguvukazi na uzalishaji, lakini ujenzi wa nyumba haujaweza kwenda sambamba na mahitaji yao.

Mimi pia ni mhamiaji, kwa hiyo simchukii mtu. Anayetua leo anahitaji pa kulala leo, ilhali jengo la ghorofa linachukua miaka kuanzia kuombewa kibali hadi kukabidhiwa funguo. Huhitaji kumtafuta mwovu ili ueleze kwa nini kodi ilipanda.

#3 Bi Zuhura
Hesabu Kwanza, ahsante kwa takwimu, lakini umezianzia katikati. Mimi nimekaa Mississauga tangu kabla ya ugonjwa wa korona, na hata wakati huo kodi ilikuwa inameza nusu ya mshahara wa mtu anayefanya kazi kama yangu ya kuhudumia wazee. Bei za nyumba za kununua zilipaa mwaka 2021, wakati mipaka ilikuwa imefungwa na riba ya benki kuu ilikuwa asilimia 0.25. Riba hiyo ilipopandishwa hadi asilimia 5 kufikia Julai 2023, mwenye nyumba wangu alilihamishia deni lake kwenye kodi yangu, na alinieleza hivyo waziwazi. Je, hilo nalo lililetwa na mwanafunzi kutoka Punjab, India, anayelala na wenzake watatu kwenye beisimenti, kile chumba cha chini ya nyumba?

Kuhusu hospitali, watu wengi hawajui kwamba mwanafunzi wa kigeni Ontario hamo katika bima ya afya ya jimbo, OHIP. Anajilipia bima ya pembeni. Na kwenye makao ya wazee ninapofanya kazi, zamu ya usiku ingekosa watu kabisa kama wenye vibali vya muda wangeondolewa wote kwa pamoja.

#4 Mwalimu wa Chuo
Nafundisha katika chuo cha kati hapa Ontario, na naona mjadala unapita pembeni ya chanzo ninachokijua. Mwaka 2019 serikali ya jimbo chini ya Doug Ford ilipunguza ada za wanafunzi wa ndani kwa asilimia 10, kisha ikazigandisha. Ruzuku ya jimbo kwa kila mwanafunzi nayo ilikuwa miongoni mwa zile za chini kabisa nchini. Chuo kikatazama pande zote, na mlango pekee uliobaki wazi ukawa mwanafunzi wa kigeni, ambaye ada yake haina ukomo. Kwa vyuo vikuu vya Kanada kwa jumla, wastani wa ada ya shahada ya kwanza mwaka wa masomo 2022/23 ulikuwa zaidi ya dola 36,000 kwa mgeni na chini ya dola 7,000 kwa mwenyeji.

Mkaguzi mkuu wa Ontario alilisema hili Desemba 2021, kabla ya kelele zote hizi: katika vyuo vya umma vya kati, wageni walikuwa asilimia 30 ya wanafunzi lakini walileta asilimia 68 ya mapato ya ada. Alionya kwamba huo ni utegemezi wa hatari. Onyo lilisomwa, likawekwa kabatini, na milango ikapanuliwa zaidi. Vyuo vya umma vya miji midogo viliingia ubia na shule binafsi za eneo la Toronto, kiasi kwamba mwanafunzi alikuwa na barua ya chuo cha umma lakini akisomea juu ya duka katika jengo la biashara. Chuo cha Conestoga, Kitchener, kwa mwaka 2023 peke yake kiliidhinishiwa zaidi ya vibali 30,000 vya masomo. Mji haukuongezewa nyumba kwa idadi hiyo, wala mabasi, wala madaktari.

Kwa hiyo, Mkazi wa Hamilton, jibu langu ni kwamba mgogoro uliandikwa kwanza katika bajeti ya elimu ya jimbo, kisha ukapigwa muhuri na serikali ya shirikisho, Ottawa. Kila ngazi ilikuwa inaona faida yake, na kila ngazi ilidhani mwingine ndiye anayehesabu watu.

#5 Karani Mkongwe
Niongeze marekebisho mawili, kwa kuwa nimefanya kazi ya kujaza maombi ya watu kwa muda mrefu.

La kwanza, si sahihi kusema kwamba hakuna hata mmoja aliyejiingiza. Waliopita kwa miguu katika barabara ya Roxham, mpakani mwa Quebec na New York, walivuka kwanza na kupewa karatasi baadaye. Njia ile ilizibwa Machi 25, 2023, mkataba wa Kanada na Marekani wa kurudishiana waombaji hifadhi ulipopanuliwa uhusu mpaka mzima. Sababu zao zilikuwa nzito na sheria iliwaruhusu kuomba hifadhi, lakini tusizibe pengo hilo kwa maneno, maana wapinzani wetu wataliona.

La pili, watu wanaposema "ukomo wa wanafunzi" wanachanganya awamu mbili. Januari 22, 2024 ulitangazwa ukomo wa takriban vibali 360,000 kwa mwaka ule, pungufu kwa asilimia 35 ukilinganisha na 2023, na wanafunzi wa uzamili na uzamivu hawakuguswa. Septemba 2024 ndipo ikatangazwa idadi ya 437,000 kwa mwaka 2025, na humo sasa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wakajumuishwa. Ndiyo maana namba ya pili inaonekana kubwa ingawa mlango ulikuwa umebanwa zaidi.

#6 Kijana wa Kisumu
Shikamoo wakubwa wote. Mimi bado niko nyumbani, nina barua ya kukubaliwa na chuo kimoja huko Ontario kwa diploma ya miaka miwili. Wakala wangu anasema ukomo hautuhusu sisi wa Afrika kwa kuwa ulilenga Wahindi. Pia anasema fedha za kuonyesha benki ni dola 10,000. Naomba kujua kama ni kweli, kwa sababu familia imeshaanza kukusanya.

#7 Karani Mkongwe
Kijana, marahaba. Yote mawili si kweli. Ukomo unahesabiwa kwa majimbo, na mwombaji wa diploma anahitaji barua ya uthibitisho ya jimbo bila kujali ametoka Kisumu au Delhi. Dola 10,000 ilikuwa kanuni ya zamani. Januari 1, 2024 kiwango kilipanda hadi dola 20,635, na tangu Septemba 1, 2025 ni dola 22,895 kwa mtu mmoja, mbali na ada na nauli. Tena, diploma nyingi sasa hazimpi mhitimu kibali cha kazi mpaka fani yake iwe katika orodha ya fani zenye uhaba wa watu. Kabla hujatuma hata senti, muulize wakala wako programu yako imo katika orodha hiyo au haimo, na umtake akujibu kwa maandishi.

#8 Mama Tausi, Calgary
Mwanangu wa Kisumu, msikilize Karani kuliko unavyomsikiliza huyo wakala, hata kama Karani anaandika kama mtu anayesoma mashtaka mahakamani.

Wenzangu, mmeitaja Ottawa na mmeitaja Toronto, lakini hamjagusa biashara ya mawakala, nami naiona kuwa sehemu ya chanzo. Chuo kinamlipa wakala kamisheni kwa kila kichwa, kwa hiyo wakala hana sababu ya kumwambia mzazi ukweli. Mwaka 2023 mamia ya wanafunzi kutoka India walijikuta hatarini kurudishwa kwao baada ya kubainika kwamba barua zao za kukubaliwa chuoni zilikuwa za kughushi. Wengi wao walikuwa hawajui. Kuanzia Desemba 1, 2023 ndipo vyuo vikatakiwa kuthibitisha kila barua moja kwa moja na serikali. Na kwetu Kenya hatukuwa salama: mwaka huohuo wazazi wa Uasin Gishu waliingia barabarani Eldoret kwa sababu fedha walizolipa kupitia mpango wa kaunti ili watoto wakasome Finland na Kanada hazikuwa zimefika vyuoni. Hapo hapakuwa hata na wakala wa mtaani. Ilikuwa ofisi ya umma.

#9 Mvuja Jasho
Mimi nafanya kazi katika mabanda ya kioo ya mboga huko Leamington, kusini mwa Ontario. Mnazungumzia wanafunzi peke yao kana kwamba wakazi wa muda ni wanafunzi tu. Wenzangu wengi hapa ni Wajamaika na Wameksiko wanaokuja kwa mpango wa wafanyakazi wa msimu. Mpango huo ulianza 1966 na Jamaika, na Meksiko ikaingia 1974. Kuna mzee hapa ambaye ametumia ujana wake wote akija kila mwaka, analipa kodi ya mapato, anachangia bima ya ajira, na bado kisheria ni mgeni wa muda. Mpango wa muda uliodumu kwa zaidi ya nusu karne ni wa muda kwa nani?

Kibali changu kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Nikigombana naye ninapoteza kazi, na kwa kuwa ninaishi katika nyumba yake, napoteza na mahali pa kulala siku hiyohiyo. Mwajiri wangu wa kwanza, ambaye sitamtaja, alitukata fedha za usafiri ambazo mkataba haukuzitaja, na hakuna aliyethubutu kuuliza mpaka mmoja wetu alipougua. Tangu 2019 kuna kibali maalumu cha wazi, yaani kisichomfunga mtu kwa mwajiri mmoja, kwa mfanyakazi anayenyanyaswa, nacho kimewasaidia baadhi ya watu, lakini unatakiwa ulete ushahidi, na ushahidi wenyewe uko katika ofisi ya yuleyule unayemshitaki. Tomoya Obokata, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu aina za kisasa za utumwa, alikuja 2023, na katika ripoti yake ya 2024 alisema mpango wa Kanada wa wafanyakazi wa muda, ambao ndani yake na sisi tumo, ni mahali ambapo utumwa wa kisasa unapata rutuba. Baadhi ya wanasiasa walikasirishwa na neno hilo. Sisi tunaolala kumi katika chumba kimoja hatukushangaa.

#10 Said wa Maskati
Mvuja Jasho, ninaposoma habari ya kibali kilichofungwa kwa mwajiri naona kafala, ule mfumo wa Uarabuni wa kumfunga mfanyakazi kwa mdhamini wake, ulioandikwa kwa Kiingereza kizuri. Hapa Oman, tangu 2021 mfanyakazi anayemaliza mkataba hahitaji tena barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani ili ahamie kwa mwingine. Sisemi kwamba matatizo yamekwisha, na wafanyakazi wa majumbani wanajua hivyo kuliko mimi, lakini inashangaza kusikia kwamba mtu anaweza kufungwa hivyo Kanada.

#11 Hesabu Kwanza
Said, kuna tofauti moja ya msingi: Kanada ina njia ya kwenda ukazi wa kudumu na uraia, hata kama ni nyembamba. Lakini nakubaliana na Mvuja Jasho kuhusu jambo moja ambalo linaimarisha hoja yangu. Aprili 2022 serikali ya shirikisho iliwaruhusu waajiri wa mishahara ya chini kuongeza sehemu ya wageni katika kazi zao kutoka asilimia 10 hadi 20, na hadi 30 katika baadhi ya sekta, ikaondoa na kanuni ya kukataa maombi katika maeneo yenye ukosefu mkubwa wa ajira. Septemba 2024 ikarudi pale ilipoanzia: asilimia 10, na maombi ya miji yenye ukosefu wa ajira wa asilimia 6 au zaidi yakawa hayashughulikiwi, isipokuwa kilimo, usindikaji wa chakula, ujenzi na afya. Saa za kazi za wanafunzi vilevile: zilikuwa 20 kwa wiki, zikaachwa huru Novemba 2022 hadi Aprili 2024, kisha zikawekewa ukomo wa 24. Hizi zote ni bomba lililofunguliwa kwa pamoja kwa sababu waajiri walilia uhaba wa watu baada ya korona. Ukosefu wa ajira kwa vijana ulipovuka asilimia 14, kila mtu akasahau nani aliomba bomba lifunguliwe.

#12 Bi Zuhura
Hapo tumekutana, Hesabu, ingawa ilibidi tuzunguke sana. Basi ongeza na viza za wageni. Mwaka 2023 kulikuwa na sera ya kupunguza mrundikano wa maombi ambayo iliwaondolea waombaji wengi sharti la kuthibitisha kwamba watarudi kwao. Wakenya na Waganda wengi waliingia wakati huo, na wengine wakaomba hifadhi walipofika. Nakumbuka kiangazi cha mwaka ule Waafrika walilala nje ya ofisi ya mapokezi ya malazi katika barabara ya Peter, katikati ya Toronto, huku jiji na serikali ya shirikisho zikibishana ni nani alipe. Waliowachukua walikuwa makanisa ya watu weusi, kama Revivaltime Tabernacle, ambapo waumini walipika na kutandika magodoro ukumbini. Ottawa ilipotoa dola milioni 212 katikati ya Julai, milioni 97 kati ya hizo zikiwa za Toronto, waumini walikuwa tayari wamebeba mzigo kwa mifuko yao. Nilipeleka blanketi mimi mwenyewe, na nilikutana na mama wa kutoka Nakuru aliyekuwa na shahada ya uuguzi.

#13 Mtoto wa Bukavu
Wandugu, salamu kutoka Gatineau. Kila jimbo lina mjadala wake, na huku Quebec unaongozwa na lugha. Wenzangu waliosoma Montréal kwa Kifaransa, wakafanya kazi kwa Kifaransa, walikuwa wakitegemea programu ya uzoefu wa Quebec, PEQ, iwape ukazi wa kudumu. Novemba 2025 jimbo liliifunga kabisa. Watu waliandamana, wakisema walitimiza kila sharti waliloambiwa kisha wakaambiwa sharti lenyewe limefutwa. Wakati huohuo serikali ya shirikisho inatafuta wanaozungumza Kifaransa nje ya Quebec, lengo likiwa asilimia 9 kwa mwaka 2026. Kamati ya bunge ilikwisha kuonyesha mwaka 2022 kwamba wanafunzi wa Afrika inayozungumza Kifaransa wanakataliwa kwa kiwango kikubwa kuliko wengine. Mkono mmoja unaita, mwingine unafukuza.

Halafu kuna sisi Wakongomani. Kanada imesimamisha kwa muda urudishaji wa watu nchini Kongo, pamoja na Afghanistan na Iraq; Warundi nao wana zuio linalofanana. Maana yake ni kwamba mtu ambaye ombi lake la hifadhi limekataliwa harudishwi, kwa kuwa hata Ottawa inakubali kwamba Kivu si mahali pa kumrudisha mtu, lakini hapewi ukazi wa kudumu vilevile. Anahuisha kibali cha kazi, anazaa, watoto wanaanza shule, na yeye bado anahesabiwa ndani ya ile asilimia inayotakiwa kupunguzwa. Mkazi wa Hamilton, wewe una tarehe ya mwisho. Shangazi yangu hana hata hiyo.

#14 Msomaji Kimya
Nimesoma yote, na naona kila mmoja ana maelezo ya kiuchumi. Mimi naamini kuna jambo jingine. Kwa mujibu wa Environics, taasisi ya kura za maoni, Wakanada waliosema wahamiaji ni wengi mno walikuwa asilimia 27 mwaka 2022, 44 mwaka 2023 na 58 mwaka 2024. Maoni ya taifa zima hayageuki hivyo kwa miaka miwili kwa sababu ya hesabu peke yake. Yaligeuka wakati uso wa mhamiaji ulipobadilika katika maduka ya kahawa na katika mabasi. Wayukraine waliopokelewa kwa vibali vya dharura tangu 2022 nao ni wakazi wa muda, na ni wengi, lakini sijasikia wakitukanwa kwenye treni.

#15 Mama Tausi, Calgary
Msomaji Kimya, ubaguzi upo na watoto wangu wameuonja, lakini haukuanza 2023, kwa hiyo hauwezi peke yake kueleza kwa nini namba ziligeuka mwaka huo. Hata kanisani kwetu, Waafrika waliofika zamani wanasema mlango ufungwe kidogo. Jirani yangu Mfilipino anasema hivyo kwa sauti kubwa kuliko Mzungu yeyote ninayemfahamu.

Kinachoniuma zaidi ni kanuni zinazobadilika mtu akiwa njiani. Mpwa wangu alikuja kusomea stashahada huku mume wake akijiandaa kumfuata kwa kibali cha wazi cha mwenzi. Januari 21, 2025 kanuni ikabadilika: kwa wanafunzi, kibali hicho kikabaki hasa kwa wenzi wa wanaosoma uzamili wa miezi 16 au zaidi, uzamivu na taaluma chache. Mume yuko Machakos, mke yuko hapa, na mtoto anamjua baba yake kupitia simu. Serikali ina haki ya kupunguza idadi, silipingi hilo. Ningeomba mabadiliko yawaguse wanaoomba kesho, yasimkute mtu aliyekwisha kuuza kiwanja.

#16 Mwalimu wa Chuo
Kwa wanaodhani kufunga mlango hakuna gharama, Novemba 2024 chuo cha Sheridan kilitangaza kusimamisha programu 40, na vyuo vingine vikafuata kwa kupunguza walimu na kufunga kampasi. Waliopoteza kazi ni Wakanada. Programu nyingine zilikuwa na wanafunzi wa ndani pia, ila hawakutosha kuziendesha bila ada ya wageni. Jimbo liliongeza dola bilioni 1.3 mwezi Februari 2024, lakini pengo lilikuwa kubwa kuliko hapo.

#17 Hesabu Kwanza
Pole kwa wenzako, Mwalimu. Hata hivyo angalieni matokeo: tangu mwishoni mwa 2024 kodi za nyumba zinazotangazwa zimekuwa chini kuliko za mwaka uliotangulia, na kati ya Julai na Oktoba 2025 idadi ya watu Kanada ilipungua kwa takriban 76,000, jambo la nadra sana. Wakazi wa muda walishuka hadi asilimia 6.8. Mahitaji yameshuka na bei imeshuka.

#18 Bi Zuhura
Na riba imeshuka kutoka asilimia 5 hadi 2.25 kufikia Oktoba 2025, na maghorofa yaliyoanza kujengwa miaka ya nyuma yamekamilika wakati huohuo. Umechagua sababu moja kati ya tatu na kuipa zawadi yote. Kodi yangu mimi haijashuka.

#19 Mkazi wa Hamilton
Nawashukuru wote. Karani ana haki kuhusu Roxham, na Mtoto wa Bukavu amenionyesha kundi ambalo sikuwa nalifikiria. Mpango wa Novemba 2025, chini ya serikali ya waziri mkuu Carney, unasema ukazi wa kudumu utabaki 380,000 kwa mwaka hadi 2028, wanafunzi wapya watakuwa 155,000 mwaka 2026, na wafanyakazi hadi 33,000 waliopo tayari watahamishiwa ukazi wa kudumu katika miaka ya 2026 na 2027. Upande wa pili, Poilievre, kiongozi wa chama cha Conservative, alitaka Septemba 2025 mpango wa wafanyakazi wa muda ufutwe kabisa. Swali langu sasa ni la vitendo: hao 33,000 watachaguliwa vipi, na mtu mwenye kibali kinachokwisha kabla hawajachaguliwa afanye nini? Mwaka 2021 nafasi 40,000 za ukazi wa kudumu kwa wahitimu zilijaa ndani ya takriban siku moja tangu dirisha kufunguliwa, na waliokuwa na intaneti mbovu walibaki nje.

#20 Karani Mkongwe
Kwa vitendo, usisubiri dirisha. Weka tayari cheti cha lugha ambacho hakijapitwa na muda, tathmini ya elimu, barua za waajiri zenye saa na majukumu, na cheti cha polisi. Tuma maombi ya kuongeza kibali kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu anayeomba kabla anaruhusiwa kubaki akisubiri jibu, na anayechelewa hata siku moja anaingia katika utaratibu mwingine wa kurejesha hadhi.

Kwako Hesabu Kwanza, kuwa mwangalifu na hizo namba za kupungua. Takwimu za taifa huchukulia kwamba mtu ameondoka baada ya muda fulani tangu kibali chake kwisha, asipokuwa ameomba kingine. Agosti 2023 mwanauchumi Benjamin Tal wa benki ya CIBC alikadiria kwamba wakazi wa muda walikuwa wamehesabiwa pungufu kwa karibu milioni moja, kwa sababu hiyo miongoni mwa nyingine, na baada ya hapo taasisi ya takwimu ilirekebisha mbinu zake. Vibali vinavyokwisha mwaka huu ni vingi sana. Nataka uniambie, kati ya hao wanaoonekana kupungua, ni wangapi waliopanda ndege, na ni wangapi ambao bado wapo Brampton, jirani na Toronto, bila karatasi.

#21 Hesabu Kwanza
Kama wapo, wanalipa kodi ya nyumba vilevile, na kodi isingeshuka. Nitaleta namba za kila mji kesho.

#22 Mvuja Jasho
Ukizileta, Mkuu, usiisahau Leamington. Huku wapo ambao hawakupanda ndege.